Tumbo Tupu la Kuhe

Kalemie, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Noëlla,

Nakusalimia wewe kwanza, kisha nasalimia hiyo baridi ya kwenu, nikiiomba ikuachilie kidogo. Sisi huku tuko wazima. Mugongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kama nimefika miaka sitini na moja, lakini nikisha kuinama juu ya beseni ya samaki unanyamaza. Mwanangu Elysée na muke wake wamepata mutoto wa tatu, musichana. Tumemupa jina la mama yako, Lydie. Analia kwa sauti ya muntu wa kwaya. Ziwa limerudi nyuma kidogo, lakini pale tulipokuwa tunaanika ndakala, vile visamaki vidogo, bado ni maji, kwa hiyo sasa tunaanika nyuma ya paroisi. Padri anasema harufu inaingia mupaka kwenye misa. Tumemujibu kwamba Petro naye alikuwa muvuvi.

Barua hii anaibeba Bijou, yule jirani yangu wa mawese. Anavuka kesho kwenda Kigoma na ataitia posta kule. Najua ungependa nikupigie telefone, lakini ku telefone lupango nzima, majirani wote wa uwanja, inasikia, na jambo hili silitaki kwa lupango.

Unamukumbuka kuhe, yule samaki munene mwenye mabaka, ambaye baba yako alikuwa anasema hamugawii hata askofu. Mwezi huu wamekuja watu wa proje moja ya samaki. Mutaalamu wao anaitwa Augustin, anatoka Lubumbashi, kijana mwenye heshima. Ananunua kuhe kwetu sisi wamama, anawapasua, anawapima, anaandika mu kaye, daftari lake. Kwa kila kuhe kumi, saba wako na tumbo tupu. Kwa hiyo amesema ziwa halina chakula tena, samaki wanakufa njaa. Na Papa Wilfried, prezida wa komite ya wavuvi, amekubaliana naye: wanataka ile miezi mitatu ya kila mwaka ya kufunga ziwa ikiisha, pwani yetu yote ifungwe miezi mingine mitatu. Samaki wote, mitumbwi yote. Fikiria nyumba ngapi zitalala bila moto.

Noëlla, hawa kuhe hawana njaa. Mimi nimewapasua toka nikiwa na miaka kumi, na bibi yako alinionyesha. Kuhe akisha kutaga, baba na mama wanakaa juu ya muchanga kulinda watoto. Hawaendi popote. Hawali. Njo maana tumbo ni tupu. Na juu ya vile hawakimbii, kuwavua ni rahisi sana. Wale wote wa tumbo tupu walitoka mahali pamoja, Kiseba, kale kaghuba kadogo ka kusini, saa mbili kwa mutumbwi. Kuko watu wanaovua pale. Wangefunga Kiseba peke yake, miezi ile ya kulea, ingetosha.

Lakini nitamuambia nani? Mikutano ni ya wababa. Sisi wanatuita wamama wa samaki, tunapika chakula cha mukutano na tunaosha sahani. Wewe kazi yako ni kuandika mikutano ya watu wanaochunga wanyama wa bahari. Niambie muntu sawa mimi anaongea aje mupaka wamusikie.

Neno la pili. Jiwe la kaburi la mama yako liko tayari toka Pasaka. Linangoja wewe njo tulisimamishe. Utakuja lini?

Mama yako mudogo,
Evodie

*

Inuvik, 8 Desemba 2024

Mama mdogo mpendwa,

Barua yako imenifikia juzi, ina doa la mawese kwenye kona, nami nimeinusa kabla ya kuisoma. Hongera kwa Elysée na mkewe. Mbusu Lydie mdogo kwa ajili yangu. Nimelitamka jina hilo kwa sauti jikoni, peke yangu, mara kadhaa.

Mimi ni mzima. Huku kaskazini ya mbali jua limetuaga juma hili na halitachomoza tena mpaka Januari. Saa sita mchana kunakuwa na rangi ya samawati upande wa kusini, kama mtu ameacha mlango wazi, halafu basi. Nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini ni barafu, na tukiipasha moto itayeyuka na nyumba itazama. Nimezoea. Kanisani nimejiunga na akina mama wanaoshona, ingawa sindano yangu bado inawachekesha.

Sasa swali lako. Nitakuambia jambo ambalo sijivunii.

Unajua kamati ninayoiandikia ina pande mbili. Upande mmoja ni wawindaji wa hapa, Wainuvialuit, watu waliokuwa na nchi hii kabla ya yeyote. Upande wa pili ni wataalamu wa serikali. Viti ni sawa kwa sawa, na hakuna upande unaoweza kuamua peke yake nyangumi wangapi wavuliwe au wapi pasiguswe. Haikuwa hivyo zamani. Wazee wao walibishana miaka mingi mpaka wakapata viti hivyo. Mimi nilipoanza nilidhani kazi yangu ni rahisi: naandika kilichosemwa. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja wa upande wa wawindaji, anayeitwa Rebecca, aliomba kusoma kumbukumbu zangu. Ana miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekata nyama maisha yake yote. Akasoma polepole, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Huyu kijana wa serikali aliposema jambo, umeandika 'matokeo'. Mimi niliposema jambo, umeandika 'maoni'. Kwa nini?"

Mama mdogo, mimi niliyelelewa na ninyi, kati ya mabeseni yenu, ndiye niliyeandika vile. Niliomba radhi, naye akasema radhi haimsaidii, afadhali nirekebishe karatasi. Nikarekebisha.

Julai iliyopita nilimfuata kwenye kambi ya pwani, pale wanapopasua nyangumi weupe. Mtaalamu mgeni alikuwa na wasiwasi: matumbo ya nyangumi yalikuwa matupu. Rebecca alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akamwambia, "Hawakuja hapa kula. Wamekuja kwenye maji ya vuguvugu kujisugua ngozi ya zamani itoke, na kukaa na watoto wao. Wewe ukienda kuoga, unabeba sufuria?" Yule mgeni aliandika. Na safari hii na mimi niliandika vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usiende peke yako, nenda na akina mama wenzako. Usiseme "sisi tunafikiri". Sema ulichokiona, wapi, mwezi gani. Na ukimaliza, mwombe karani akusomee alichoandika.

Nina swali dogo. Umesema kuna watu wanaovua Kiseba. Watu gani?

Nakukumbatia,
Noëlla

*

Kalemie, 2 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu za mwaka mupya, hata kama utazisoma wakati mwaka umekwisha kuzeeka. Mvua ilitupiga sana. Muto wa Lukuga ulijaa mupaka watu wakavuka darajani wakiwa wameinua viatu mikononi. Lydie mudogo ameota jino moja, analionyesha kila muntu. Dada wa baba yako aliyeko Pepa ametuletea siagi ya ng'ombe wake, na nimekuwekea kikopo kimoja, najua ni ujinga.

Nilipata barua yako sikukuu ya wafalme watatu, mwanzo wa mwezi wa kwanza. Nilisoma ile habari ya Rebecca mara tatu, kisha nikawasomea wamama wenzangu nyuma ya paroisi. Wakati wa "unabeba sufuria" walicheka mupaka samaki mumoja akaanguka mu majivu.

Mukutano ulikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa kwanza, mu sale, ile nyumba ya mikutano ya komite. Tulienda wamama kumi na mumoja. Hatukupika. Papa Wilfried alipotuona mulangoni alituuliza, "Chakula kiko wapi?" Nikamujibu, "Leo tumekuja kukaa, Papa." Wababa wakatazamana, wakasogea. Tukakaa.

Augustin aliongea vizuri na picha zake. Alipomaliza niliinua mukono. Nilisema: "Monsieur Augustin, nimepasua kuhe toka miaka hamsini. Toka mwezi wa kumi mupaka wa kwanza, wale wa Kiseba wako na tumbo tupu kila mwaka. Ilikuwa vile hata wakati ziwa lilikuwa limejaa ndakala. Huyu samaki hakuja pale kula. Amekuja kulinda watoto."

Muzee mumoja nyuma alisema, "Wamama sasa ni madaktari wa samaki!" Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

Augustin hakucheka. Aliuliza, "Mama, unawezaje kujua kuhe analinda watoto, kabla ya kumupasua?"

"Midomo imechubuka juu ya kusafisha muchanga. Mapezi yamechanika juu ya kufukuza wezi wa mayai. Na nyuma ya kichwa amekonda, kidole kinaingia."

Kisha nikamugeukia karani, nikamuomba asome alichoandika. Alisoma: "Mama mumoja alitoa maoni juu ya samaki." Noëlla, nilikuona wewe pale. Nikamuambia, "Papa, andika jina langu, andika Kiseba, andika miezi." Akaangalia prezida. Papa Wilfried akasema, "Andika."

Augustin akaleta jaribio. Kwa wiki mbili alinunua kuhe mu masoko yote, bila kuniambia wametoka wapi, akaniwekea mbele wakiwa wazima bila kupasuliwa. Niwatenganishe: wa tumbo tupu huku, walioshiba kule. Kisha anapasua mbele ya komite. Kwa arobaini nilikosea wawili tu. Wa pili alikuwa mugonjwa, na Augustin alisema huyo asihesabiwe, lakini mimi nilisema ahesabiwe.

Sasa wanasema hawatafunga pwani yote. Wanaongea juu ya Kiseba peke yake. Papa Wilfried aliniuliza mbele ya wote ni nani anayevua pale. Nikamujibu: watu.

Elysée hajambo.

Uliruka swali langu la jiwe. Nimeona.

Evodie

*

Inuvik, 23 Machi 2025

Mama mdogo,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Rebecca, nikimtafsiria. Alitaka nirudie pale uliposema mgonjwa naye ahesabiwe. Akasema angependa kukaa karibu nawe siku moja, kila mtu na kisu chake. Wanawake wa hapa wana kisu chao, kinaitwa ulu, chenye makali ya mviringo kama nusu mwezi na mpini juu. Amenipa kimoja nikuletee.

Jua limerudi, na watoto wanacheza nje wakiwa na mashavu mekundu. Barabara ya barafu juu ya mto bado inapitika. Magari yanapita pale ambapo miezi mitatu kutoka sasa yatapita maboti. Nimepona mafua. Kazini mambo ni mazuri.

Ndiyo, niliruka swali lako. Niliruka pia mwaka jana, na mwaka juzi. Ukipiga simu nasema kazi ni nyingi, na si uongo, lakini si sababu.

Mama alipofariki sikuweza kufika. Ulinieleza mazishi kwenye simu, nani aliimba, nani alileta mchele, nami nilikuwa nimesimama dirishani natazama theluji. Sikuona kitu. Kwa hiyo, Mama mdogo, huku niliko, Mama bado yuko Kalemie. Amekaa kwenye kigoda chake, anakata vitunguu, ananingoja nimalize shule. Najua si kweli. Lakini siku nikitua pale na kigoda kiko kitupu, ndipo atakapokuwa amekufa. Ninajua hesabu za nyangumi za miaka thelathini, na hilo dogo siliwezi.

Sijamwambia mtu mwingine.

Sasa nami nitakuambia ninachokiona. Kila unapoitaja Kiseba unaandika "watu". Na habari za Elysée zimekuwa fupi kuliko habari za siagi. Nilipoondoka yeye ndiye aliyekuwa na ndoano nyingi kuliko vijana wote wa mtaa, na alikuwa anarudi mapema na kuhe wakubwa. Kama nimekosea unisamehe. Kama sijakosea, usiubebe huo mzigo peke yako.

Mwanao,
Noëlla

*

Kalemie, 1 Juni 2025

Noëlla wangu,

Barua yako ilikaa Kigoma mwezi muzima juu Bijou alikuwa anauguza mume wake. Amepona, anakusalimia. Ziwa limefungwa sasa, mitumbwi imelala kwenye muchanga na wanaume wanatengeneza nyavu na kuzungumza siasa. Sisi tunauza samaki tuliokausha mapema. Lydie mudogo anatambaa, amekula sabuni, hakufa.

Juu ya mama yako sitakuandikia mengi. Kigoda niko nacho mimi. Ninakikalia kila siku, hakijawahi kuwa kitupu hata siku moja. Njoo au usije, nitakikalia.

Hukukosea. Ni Elysée.

Miaka mine anavua Kiseba. Ni kwa kuhe wa Kiseba alijenga nyumba ya matofali, ni kwa hao alilipa minerval ya watoto ku shule. Na mimi nilikuwa nawauza. Nilikuwa nawapasua, naona tumbo tupu, najua nimeshika mama aliyeacha watoto, na nanyamaza juu muvuvi ni mutoto wangu. Hiyo njo sababu sikukuandikia. Siyo kumuficha yeye tu. Nilikuwa najificha mimi.

Mwezi wa tatu komite ilirudi. Papa Wilfried aliuliza tena ni nani. Nilisimama nikasema, "Ni mwanangu Elysée, na mimi njo niliyekuwa nauza." Elysée alikuwa ameegemea mulango. Alitoka bila kuufunga.

Nilimukuta ku nyumba. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Alisema, "Mama, ungeniambia kwanza mimi."

Nikamuambia, "Nilikuambia."

"Ulisema kuhe wanalea. Hukusema utanitaja."

Ni kweli. Hilo sikumuambia. Nilijua kama nikimuambia ataniomba nisiseme, na ningemukubalia.

Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Manono, rafiki yake alikuwa na moto, pikipiki ya kazi, kule. Muke wake na watoto wako nami. Anawatumia vitu. Ananisalimia kupitia muke wake.

Komite imeamua hivi. Pwani yote itabaki na miezi mitatu tu sawa zamani. Kiseba itafungwa toka Oktoba mupaka watoto wa kuhe waondoke, na tarehe ya kufungua haitatoka mu biro ya wakubwa: wamama wawili na Augustin na muvuvi mumoja watakwenda kuangalia, na wote wane wakikubaliana njo itafunguliwa. Mumoja akisema bado, ni bado. Wamenichagua mimi kwa wamama. Wamenipa kofia. Ni kubwa.

Nafurahi, Noëlla. Nalala vizuri. Lakini mezani kuko sahani moja zaidi na mukono unaitia chakula wenyewe.

Evodie

*

Kambi ya nyangumi, 19 Julai 2025

Mama mdogo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gogo lililoletwa na mto, upepo unataka kuichukua karatasi. Ni saa tano usiku kwa saa yangu na jua linaniunguza pua. Watu wa kambi wote ni wazima, mbu ni wazima zaidi.

Jana walileta nyangumi wawili. Rebecca alinipa kisu, akanisimamisha upande wa pili wa mnyama, akaniambia nikate pamoja naye, nisiandike. Nilikata vibaya. Alinirekebisha mkono mara nyingi. Tulipofika tumboni aliniangalia, kwamba mimi ndiye niseme. Nikasema, "Tupu. Amekuja kukaa na watoto." Akasema, "Haya, sasa unaweza kwenda kuandika."

Nilimsimulia habari ya Elysée. Akasema kaka yake mwenyewe alikasirika miaka miwili walipofunga mto mmoja, na sasa yeye ndiye mkali kuliko wote kwa anayeugusa. Lakini akasema si kila kaka. Nakuandikia yote mawili.

Nimeomba likizo ya Februari. Nimekubaliwa. Nitapitia Kigoma na nitavuka na Bijou kama atanikubali kati ya madebe yake.

Mama mdogo, ulikata mti mgumu, nao ukakuangukia wewe kwanza. Hapo nakusifu na nakusikitikia, kwa pamoja.

Noëlla

*

Kalemie, 30 Novemba 2025

Mwanangu Noëlla,

Nakuandikia mapema ili ikufikie kabla hujafunga mizigo. Leta sweta zako za zamani, wamama wa paroisi wamesikia kama huko munatupa nguo. Bijou amekubali, anasema utakaa mbele. Mimi ni muzima. Nimepunguza kofia kwa sindano, sasa inakaa vizuri. Lydie mudogo anatembea na anamufukuza kuku wa jirani.

Elysée amerudi. Alishuka Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, amekonda, na vumbi la Manono mu masikio. Moto ya rafiki yake ilikuwa imeuzwa. Alinisalimia, akabeba binti yake, akaomba maji ya kuoga. Nikamupa. Toka siku ile anavua mbali, kwenye maji marefu, na wenzake, anarudi na mikebuka, samaki wa kule mbali. Anakula kwangu. Anashukuru kwa chakula sawa mugeni.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yetu ya kwenda Kiseba kuangalia. Mama mwenzangu alikuwa na malaria. Muvuvi wetu alikuwa mu kilio cha kifo cha shemeji yake. Augustin akasema tungoje. Elysée alikuwa anakula mahindi kwenye mulango. Akasema, bila kuniangalia, "Mimi niko na mutumbwi."

Augustin aliniangalia. Nikasema, "Basi twende."

Tulitoka asubuhi, hewa imetulia. Augustin mbele na kaye yake, mimi katikati, Elysée nyuma. Saa mbili za njia Augustin alituambia juu ya harusi yake. Tulipofika, Elysée aliingiza mutumbwi polepole sana. Anajua kila jiwe la pale kuliko komite yote.

Maji yalikuwa meupe mupaka chini. Na wako pale, Noëlla. Baba na mama, wanene kama mukono wangu, wamesimama juu ya muchanga, na kati yao watoto, wengi, wengi, sawa moshi unaotembea. Samaki mudogo mwenye mistari alikuja kuiba. Yule baba alimurukia, akamufukuza, akarudi mahali pake palepale. Mapezi yake yalikuwa matambara. Kisha tukaona wengine wawili kule, na wengine nyuma yao. Augustin alihesabu familia kumi na saba. Aliniambia mwaka jana alipozamia aliona nne. Alikuwa anaandika na kalamu inamuponyoka.

Kivuli cha mutumbwi wetu kiliwafunika wale wa kwanza. Nilifikiri watakimbia. Hawakukimbia. Walipanda juu kidogo, wote wawili, wakasimama kati yetu na watoto wao, wanatuangalia.

Nilisikia Elysée nyuma yangu anapumua. Kisha akasema, polepole, "Mama. Mimi nilikuwa nawavua juu hawakimbii. Nilifikiri ni wajinga."

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka atanyamaza. Akasema tena, "Nilikuwa natupa ndoano mbele ya mudomo wake na yeye anaiuma kuitoa pale, sawa muntu anaokota muiba wa muti kwenye nyumba yake. Hakuwa anakula. Nilikuwa naona. Kila siku nilikuwa naona."

"Na mimi nilikuwa naona," nikamuambia.

Augustin aliacha kuandika. Akauliza, kwa heshima, "Papa Elysée, hilo la ndoano, naweza kuliandika?"

Elysée aliweka kafi chini ndani ya mutumbwi.

"Liandike," akasema. "Na jina langu liandike."

Kisha tulipaswa kuondoka, sababu jua lilikuwa limepanda. Elysée hakushika kafi. Aliinama pembeni, akatia mikono yote miwili mu maji mupaka kwenye viwiko, na akaugeuza mutumbwi kwa vidole, kidogo kidogo, asiwatimulie muchanga.

Nakungoja.
Mama yako mudogo,
Evodie